Maharage ya Zimwi Kibogoyo

Paukwa!
— Pakawa!
Sauti gani hizo, mna homa? Paukwa!
— PAKAWA!

Haya. Enzi hizo mazimwi yakipiga hodi kama majirani, Zimwi moja kibogoyo lilimtia mtoto wa Mwanaidi guniani. Likamwambia mama yake, "Nipikie maharage yenye ukwaju. Yawe laini, sina meno! Jua likifika utosini nayataka. Yakiwa magumu, nammeza mwanao. Huyu hahitaji kutafunwa."

— Uwii!

Mwanaidi akakimbilia jikoni. Kwa haraka akatia maharage, akatia maji, akatia na ukwaju wote, papo hapo. Chungu kikachemka, tokota, tokota. Akabonyeza punje moja. Ngumu!

"Maharage, mbona hamuivi?"
"Tumebanwa, mama, tumebanwa!"

Akadhani ni moto. Akaongeza kuni. Jua likapanda. Akabonyeza. Ngumu!

"Maharage, mbona hamuivi?"
"Tumebanwa, mama, tumebanwa!"

Akadhani ni maji. Akaongeza maji. Jua likapanda tena. Guniani mtoto akalia. Akabonyeza. Ngumu kama kokoto!

— Si awaulize nani kawabana!

Ndiyo, mjukuu wangu, ila mwenye hofu hasikii vizuri. Mara ya tatu ndipo alipowauliza, "Nani kawabana?"

"Ukwaju!" maharage yakalia. "Uchachu umetukaza maganda!"

Kutoka kwenye kikopo kilichokuwa pembeni, Magadi akaita, "Nitie mimi, nimpunguze Ukwaju makali. Ila kidogo! Nikizidi, utapika sabuni."

"Nitajuaje umetosha?"

"Niulize mimi," likasema bakuli la maji ya choya, yale maua mekundu ya kutengenezea kinywaji. "Nidondoshee mchuzi. Nikibaki mwekundu, uchachu umezidi. Nikiwa kijani, magadi yamezidi. Nikiwa zambarau, umepatia, uchachu na magadi viko sawa."

Akatia chembe za magadi. Fwoo! Povu likapanda. Akachota choya kidogo kikombeni, akadondosha mchuzi. Nyekundu! Akatia tena, akajaribu tena. Nyekundu! Safari hii akatia chembe chache tu...

— Kijani?
Zambarau!

Maharage yakashusha pumzi, tokota, tokota, yakalainika. Jua likafika utosini.

Zimwi likaonja. Likakunja uso. "Laini, ndiyo. Uchachu uko wapi?" Mkono ukaenda kwenye gunia.

"Subiri!" Mwanaidi akakimbilia kwa jirani, akarudi na ukwaju, akaukamua chunguni.

— Yatakuwa magumu tena!

Hata yeye aliogopa hivyo, akafumba macho. Lakini yalikwisha kuiva, watoto wangu. Uchachu ukapita juu, haukupata cha kukaza. Zimwi likala, likaramba chungu, likafungua gunia. Mwanaidi akamkumbatia mwanawe, akalia kwa sauti, haoni aibu.

Basi mkumbuke: ukwaju haukuwa na ubaya wowote. Ulitangulia tu.

Ngano yangu imefika mwisho. Atakayepika kesho, ukwaju atie lini?
— Mwisho!
Mmesalimika na mazimwi.