Mziba Mfereji

Mziba mfereji, maji humrudia. Methali hii mliisikia jana mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka huku huku milimani kwetu, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mjane, Nakijwa, mwenye watoto wanne na shamba moja la mahindi. Juu ya shamba hilo, ubavuni mwa mfereji, alikaa wifi yake Naetwe, dada wa marehemu mumewe. Naetwe alilitaka lile shamba, lakini mama yake akampa mkwewe Nakijwa. Jambo hilo likamkaa rohoni.

Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu na Mzee Mbonea. Ukikosa siku yako, unangoja siku tisa. Mahindi ya Nakijwa yalikuwa yanatoa mbelewele, na siku tisa bila maji yangekufa, watoto walale njaa mwaka mzima.

Siku ya zamu ya Nakijwa, alfajiri, Naetwe alitumbukiza gogo la mgomba mferejini, akashindilia udongo. Alidhani maji yatamwagikia korongoni. Akajifunga kanga aende gulioni.

Nakijwa akamkuta njiani. "Wifi, mbona maji hayafiki?"

"Maji nimeyafunga kwenye kanga? Kaulize mlimani!" Akaenda zake.

Nakijwa akapanda kwa Mzee Mbonea. Huku nyuma maji yakajaa, yakakosa pa kwenda, yakabomoa ukingo palipokuwa chini zaidi. Hapo ni nyuma ya nyumba ya Naetwe.

Naetwe aliporudi kutoka gulioni alikuta ukuta wa nyumba yake umelala, na Nakijwa na wanawe wanatoa vyombo vyake matopeni. Mzee Mbonea amekalia lile gogo la mgomba.

"Mgomba huu ulitembea, mama?"

"Labda umeporomoka, mzee."

"Na udongo nao ukajishindilia?"

Naetwe akainama kuokota sufuria matopeni.

"Zamu ya leo imemwagika kwako," mzee akasema. "Basi ya kwako ya kesho ni ya Nakijwa."

Mahindi yakapona. Naetwe hakuwa na pa kulala, akahamia kwa wifi yake mpaka nyumba isimame, na mavuno yalipofika akala mahindi yale yale aliyotaka yakauke. Nakijwa hakumsema. Watu wa mferejini ndio waliosema, na mpaka leo wanasema.

Kwa hiyo wanangu, ukiona mwenzako ana mpango wake, hata kama unakuuma, usiende kuukwamisha. Nawaomba. Naogopa sana tabia hiyo. Mziba mfereji, maji humrudia.