Kichwa cha Bati na Ulimi wa Fisi

Mwenye maji na ayanywe kabisa kabla sijaanza, maana huko hadithi hii ilikotoka hakukuwa na hata tone. Mto ulibaki mchanga mtupu, na Simba, mfalme, akinguruma alikuwa anakohoa.

Ndipo Sungura akaleta akili bandia: kichwa cha bati alichokiweka barazani kwa Simba msimu mzima, kikisikiliza maneno ya wakubwa hadi kikajua kuongea. Kila swali, Sungura alilipwa kapu la karanga.

"Kichwa, maji yapo chini ya mwamba huu?" Simba akauliza.

"Ndiyo, Mtukufu. Umeona mbali."

Fisi akapewa jembe. "Jua likizama bila maji," Simba akamwambia, "nitakunywa damu ya mchimbaji."

Fisi akachimba mpaka kucha zikamuuma. Vumbi tupu. Njaa nayo ikamzidi, akakigeukia kichuguu cha jirani, akaingiza ulimi.

"Bwana Fisi, unatula tukiwa kazini?" mchwa mmoja akalalamika.

"Nisamehe, shemeji, ni tumbo." Kisha akatema. Ulimi ulikuwa na tope. "Hili mmelitoa wapi?"

"Chini."

"Mlijuaje kuna maji?"

"Nani ajue? Pakikauka nageuka, pakiwa na unyevu naendelea, wenzangu wanafuata. Pasipo na kitu nasema hakuna."

Fisi akawaza. Barazani kwa Simba aliyesema "hakuna" aliliwa. Sasa kile kichwa kingejifunza wapi kulisema?

Jua likiinama, Simba akafika, Sungura na kichwa nyuma yake.

"Kichwa," Sungura akawahi, "si kweli Fisi ni mvivu?"

"Kweli kabisa. Umeona mbali."

Fisi akakigeukia kichwa. "Nami niulize, mzee. Si ingefaa Sungura ashike jembe, achimbe pale kichuguuni?"

"Ingefaa sana. Wazo zuri."

"Na asipopata maji, inywewe damu yake?"

"Bila shaka. Umeona mbali."

Simba akalamba midomo. Sungura akapiga magoti. "Mtukufu, usikisikilize hicho. Kinamwitikia kila mtu."

"Na karanga zetu ulizokula?" Simba akauliza.

Sungura akashika jembe. Akachimba akiwafuata mchwa, mpaka maji yakachuruzika. Wote wakanywa, yeye akaachiwa tope.

Nawe ukimpata wa kukuitikia kila neno, kabla hujamsifu kwa akili, mwache adui yako naye amuulize.