Kwa Nini Shangazi Ndiye Hutia Rangi Mbeleko ya Kwanza

Zamani, kabla yenu na kabla ya bibi zenu, huku kwetu milimani mbeleko ya mtoto wa kwanza ilitiwa rangi na mama yake mwenyewe. Shangazi hakuwa na kazi. Alikuja, akala, akasifu, akaenda zake.

Sasa, msimu mmoja wa mavuno, vitunguu vimejaa ghalani na maboga yametambaa mpaka njiani, Naetwe alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Huyu Naetwe alijua rangi kuliko wanawake wote. Akichemsha maganda ya vitunguu, kitambaa kilitoka cha manjano inayowaka.

"Naetwe, rangi hii umeichota kwenye jua?" majirani walimuuliza.

"Maganda tu hayo," alidakia Nakijwa, wifi yake. "Hata mbuzi anayatafuna."

Nakijwa aliolewa, hakupata mtoto, akarudi kwao. Kila sifa ya Naetwe ilimchoma. Alijiambia, kaka ni wangu, nyumba ni ya baba yangu, lakini mtoto ni wa Naetwe na rangi ni ya Naetwe. Mimi changu nini?

Siku ya kumtoa mtoto nje ilipokaribia, Naetwe aliikunja mbeleko, akaikaza kwa kamba za mgomba, akaitia kwenye chungu cha maganda. Mtoto akalia. Mama akaingia ndani kunyonyesha. Hapo Nakijwa akachukua jembe bovu lenye kutu, akalitumbukiza chunguni. Alijua kutu huchafua rangi. Alitaka mbeleko itoke kama tambara la jikoni, Naetwe achekwe. Maji yalipoanza kuwa meusi, akalitoa jembe na kulificha.

Siku ikafika. Naetwe akaitoa mbeleko chunguni, akafungua kamba mbele ya wanawake wote. Kitambaa kilikuwa cha kijani kizito, na penye mikunjo mistari ya manjano. Naetwe mwenyewe alishtuka.

"Loo! Si ganda la boga hili!" wanawake wakapiga vigelegele. "Naetwe, mikono yako ina nini?"

Nakijwa alivumilia, akashindwa.

"Si yeye!" akapiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyetia jembe la kutu chunguni!"

Vigelegele vikakatika. Kila mtu akaelewa jembe lile lilitiwa kwa nia gani. Nakijwa naye akaelewa alichosema, akainama.

Naetwe akamchukua mtoto, akamweka mgongoni kwa Nakijwa, akamfunga kwa ile mbeleko.

"Kazi ni yako, wifi. Mbebe wewe kwanza."

Mtoto akalala palepale, shavu likiwa mgongoni kwa shangazi yake. Nakijwa akalia bila sauti, asije akamwamsha.

Na kuanzia siku ile mpaka leo, kwetu shangazi ndiye hutia rangi mbeleko ya kwanza, na mgongo wake ndio unaoanza kumbeba mtoto. Mama huketi pembeni akitazama. Anaona wivu, ndiyo. Lakini haruhusiwi kumchukua mtoto mpaka mtoto aamke mwenyewe.