Mjomba Aliyeganda Maskati

Si kale sana, ni juzi tu, Tajiri Shaibu aliwakataza wapangaji wake kuvuta waya wa faiba, maana aliwauzia intaneti yake mwenyewe, ya kujikokota kama kobe. Bi Mwanasiti, mpangaji mmoja aliyetamani kuzungumza na kaka yake Mselemu huko Maskati bila kukatikakatika, alimwomba ruhusa mara tatu.

"Ukuta wangu hautobolewi, bibi we."

Mwezi uleule Tajiri akaja kumposea mwanawe binti wa Bi Mwanasiti, na binti mwenyewe alikuwa radhi.

"Mwenye neno ni mjomba wake," alisema Bi Mwanasiti, akampigia Mselemu kwa video.

"Jawabu langu ni…" Mjomba akaganda, mdomo wazi. Wakapiga tena, akaganda vilevile.

"Amekubali au amekataa?" Tajiri alijifuta jasho.

"Nitajuaje, baba? Intaneti ni yako."

Kesho yake mafundi wa faiba walitoboa ukuta, Tajiri mwenyewe akiwashikia ngazi. Mjomba akatokea aking'aa, akakubali, vigelegele vikapigwa.

Tajiri alipotoka, Mselemu akanong'ona, "Dada, jana nzi alitua puani pangu. Ungepiga mara ya tatu, ningepepesa macho."