Kwa Nini Chaza Huzaliwa Mwambani na Kunenepa Horini

Zamani, kabla bahari na mto havijagawana kazi, chaza wote walikuwa wa namna moja. Wa mwambani na wa horini, mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, walizaa sawa na kunenepa sawa, na wanawake wa kijiji cha Kidimuni walijaza vikapu bila kwenda mbali.

Mwaka mmoja masika yalinyesha hadi watu wakasahau rangi ya jua. Mto ukafura, ukamwaga maji matamu horini mwezi baada ya mwezi. Mazao yakaoza shambani. Chaza walioshika mizizi ya mikoko walinona ajabu kwa rutuba ya mto, lakini walikoma kuzaa. Walioliwa hawakuacha warithi. Mvua ilipokatika, mikoko ilikuwa mitupu.

Mzee Shekue, mkuu wa kijiji, akasema, "Masika yajayo yakitukuta na njaa hii, tutahama." Watu wakaanza kufunga mizigo.

Mwanatumu, mchuma chaza, hakufunga kitu. Mwanawe wa kwanza alizikwa pale. Angemwachia nani kaburi? Maji yalipokupwa akatembea mpaka mwamba wa nje, mahali mawimbi hayapumziki. Akakuta chaza maelfu, wadogo kama ukucha.

Chaza mkongwe akamwambia, "Huku chumvi imetuachia uzazi, lakini chakula ni haba. Tunazaa, hatukui."

"Nipe watoto nikawalee."

"Uwamalize wote?"

"La. Wakikua nitakurudishia walio bora, wazae tena. Nao watatangulia kabla sijaonja mmoja."

Akabeba vijiwe vilivyoshikwa na chaza wachanga, akavifunga kwenye fito alizozichomeka horini. Wifi yake, Mwanamvita, akacheka. "Wifi, tangu lini mawe yakapandwa yakaota?" Mwanatumu akachomeka ufito mwingine. Kila maji yakipwa aliingia topeni hadi mapajani, akawaondolea chaza wake kaa na mwani, huku kijiji kikiishi kwa mizizi ya porini.

Siku chache kabla ya masika akawaita watu wote. Fito zilikuwa zimeinama kwa uzito. Akapasua chaza mmoja kwa kisu: nyama imejaa ganda, nyeupe, inateleza. Mikono ikanyooshwa.

"Subirini!" Sauti yake iliwashtua. Akajaza kikapu kwa chaza wakubwa kuliko wote, akajitwika, akaelekea mwambani. Watu wenye njaa wakamtazama, mate yakiwajaa. Mwanamvita akajaza kikapu cha pili, akamfuata mbio.

Waliporudi ndipo watu wakala. Mzee Shekue akafuta ndevu, akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Fungueni mizigo!" Vigelegele vikavuka hori.

Na tangu siku hiyo, chaza wa mwambani huzaa kwa wingi na kubaki wadogo, na wa horini hunenepa upesi lakini huzaa kwa shida. Wanawake wa pwani ile huchukua mbegu, yaani chaza wachanga, mwambani, huilea horini, na hata njaa ikiuma vipi, hakuna anayeonja mavuno kabla kikapu cha chaza wazazi hakijarudi mwambani.