Mama Chura na Blanketi la Moshi

Kiondo! Toa huo mfuko wa plastiki motoni. Utoe, nasema! Hapa tunachoma viazi, hatuchomi mapafu ya watu. Na wewe Nanzia, sogea huku, huo moshi umekupenda. Viazi bado vigumu. Basi tulieni, vikiiva nitakuwa nimemaliza.

Paukwa!

— Pakawa!

Moshi?

— Wa jikoni!

Machozi?

— Ya Bibi!

Ehee, mnacheka. Haya, moshi ukipaa, huenda wapi?

— Unakwenda zake!

Zake wapi? Kumbe hamjui. Watu wa hadithi yangu pia hawakujua.

Hapo zamani za kale, milima iliposalimiwa na kuitikia, alikuwapo Mlima mmoja mrefu, mrefu, mrefu. Kichwani alivaa kofia nyeupe ya barafu. Kiangazi hakuivua, masika hakuivua. Kofia ile ilidondosha maji, tone, tone, tone, maji yakawa Mto. Mto akashuka, akapita migombani, akamwagikia kwenye kidimbwi. Na kidimbwini alikaa Mama Chura.

Karibu na kidimbwi palikuwa na kijiji, na watu wake walikuwa na desturi yao. Mbegu haikuingia ardhini mpaka vyura waimbe. Mtu angelima, angepiga matuta, lakini mbegu ilikaa kibuyuni darini ikimngoja chura. Chura akiimba, wanawake wanapiga vigelegele, vibuyu vinashuka. Chura akinyamaza, na jembe linanyamaza.

Mwaka huo Mama Chura alitaga. Mayai yakawa viluwiluwi: kichwa na mkia, kichwa na mkia, miguu hamna. Kiluwiluwi maji yakimwondokea, amekwisha. Mama Chura akatazama maji. Jana yalifika juu ya jiwe jeusi. Leo yako chini ya jiwe jeusi. Akapiga hesabu yake: miguu ya watoto, siku thelathini. Maji ya kidimbwi, siku kumi.

— Watakufa, Bibi?

Ngoja. Mama halii kabla hajatembea. Akawaambia, "Wanangu, chezeni katikati, kwenye kina. Nakwenda kutafuta maji yalikokwenda." Akaruka. Na kila akiruka aliimba. Itikieni:

*Ruka, ruka, nisichoke,*
*Wanangu hawana miguu,*
*Maji yangoje, yasiondoke!*

Akafika kwa Mto. "Hodi, kaka Mto!"

"Karibu dada, ila usinipigie kelele, mwili hauna nguvu."

"Mbona umekonda hivyo?"

"Mwaka juzi nilivimba, nikabeba mbuzi wa watu, nikabeba na choo cha mwalimu."

— Na mwalimu mwenyewe, Bibi?

Mwalimu alikuwa shuleni, Mungu mkubwa. Mto akasema, "Mwaka huu nimebaki mifupa. Si mimi, dada. Mimi napewa, nami nagawa. Muulize Mlima."

*Ruka, ruka, nisichoke,*
*Wanangu hawana miguu,*
*Maji yangoje, yasiondoke!*

Akafika kwa Mlima. "Shikamoo, babu Mlima."

"Marahaba, mjukuu. Usinitazame kichwani, naona haya."

Mama Chura keshatazama. Ile kofia kubwa imekuwa kama ya mtoto mchanga, na kipara cha mawe kinang'aa pande zote.

"Babu, nani kakuvua kofia?"

"Sikuvuliwa, mjukuu. Nimefunikwa. Mtu ukimfunika blanketi mchana wa jua, anakuwaje?"

— Anatoka jasho!

Ndivyo. Mlima akasema, "Kwanza barafu iliyeyuka nyingi kwa pamoja, Mto akafurika. Sasa imebaki kidogo, Mto amekonda. Si mimi. Muulize aliyenifunika. Inua macho."

Mama Chura akainua macho. Moshi alikuwa amelala juu ya dunia, kajinyoosha kutoka bonde hadi bonde, anakoroma.

"Bwana Moshi! Shuka tuzungumze!"

"Mimi huwa sishuki," Moshi akasema, akapiga miayo. "Mimi hupanda tu. Nani huyo, mfupi hivyo?"

"Mama Chura. Wanangu wanakaukiwa. Umetoka wapi wewe?"

Moshi akacheka, akakohoa, akacheka. "Nina baba wengi! Matanuri ya mkaa ya Mbonea hapo kijijini kwenu, kila moja linanizaa siku saba mfululizo. Malori yanayobeba mkaa huo yananizaa kwa mkia."

— Bibi! Zamani za kale kulikuwa na malori?

Zamani zangu zina malori. Zenu zitakuwa na nini, sijui. Unasikiliza au unasahihisha?

— Nasikiliza.

Moshi akaendelea, "Misitu inayochomwa inanizaa, na takataka zinazochomwa zinanizaa. Na ng'ambo ya ng'ambo kuna viwanda vyenye mabomba marefu kuliko mvule. Hao ndio baba zangu wakubwa! Watu wananiona napaa, wanasema, 'Umekwenda zake.' Nimekwenda wapi? Mbingu ina mlango wa nyuma? Nimekaa hapa hapa. Jua analeta joto, linaingia. Likitaka kutoka, nalikalia."

"Na huogopi kitu, bwana mkubwa?"

Kumsifia mpumbavu ni kumfungua kinywa. Moshi akavimba. "Upepo ananibembeleza tu. Naogopa vitu viwili, na wewe mfupi huwezi hata kimoja. Tanuri lililozimwa, maana hapo nakosa kuzaliwa. Na jani bichi, maana jani hunila."

"Asante, bwana Moshi."

"Asante ya nini?"

"Ya mdomo wako," akasema Mama Chura, akageuka kurudi.

*Ruka, ruka, nisichoke,*
*Wanangu hawana miguu,*
*Maji yangoje, yasiondoke!*

Akamkuta Mbonea kwenye tanuri lake, kundi la watu limemzunguka. Mbonea hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa mnene, mcheshi, uso mweusi kwa masizi, meno meupe. Kijiji chote kilipikia mkaa wake.

"Mbonea, zima tanuri," akasema Mama Chura. "Moshi wako haujaondoka. Uko juu umelala. Mlima anatoka jasho, Mto amekonda, wanangu wanakufa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Leo chura kawa mwenyekiti!" mmoja akasema. "Mpeni kiti!" akasema mwingine. "Kiti cha nini, anakaa kwenye makalio yake siku zote!"

Mbonea akafuta machozi ya kicheko. "Mama Chura, sisi mvua imetuchelewea, nawe unatuletea habari za moshi? Ngoja niwaulize, ndugu zangu. Wingu ni nini, kama si moshi ulionenepa?"

Watu wakatazamana. "Kweli," wakasema.

"Mvua imekosa mawingu. Basi tulitengeneze wingu wenyewe!"

— Hee! Wajinga!

Usiwaite wajinga, Nanzia. Ukiwa na kiu sana hata mavumbi unayaona maji. Wakachukua mapanga na mashoka. Wakaangusha mikuyu iliyofunika chemchemi, wakaangusha na miti ya misesewe, wakarundika mbichi na kavu juu ya kilima, wakawasha. Moshi akapaa. Watu wakapiga makofi, "Wingu hilo! Wingu hilo!"

Siku ya kwanza mvua haikuja. Siku ya pili haikuja. Siku ya tatu jua likawa jekundu kama jicho la mgonjwa. Maua ya kahawa yakapukutika. Nyuki wakahama bila kuaga. Watoto wakakohoa, wazee wakakohoa, na mama yake Mbonea, Bibi Naetwe, akakohoa mpaka akashika ukuta. Huko juu Moshi akajifunika Moshi mwingine, blanketi juu ya blanketi, akasema, "Asanteni, baba zangu!"

Na kidimbwini, maji yakabaki ya siku nne.

— Bibi, fanya haraka!

Haraka ya nini, na chura mwenyewe anafikiri? Mama Chura akawaita vyura wote. "Watu hawanisikii nikisema. Basi watanisikia nikinyamaza. Hata likidondoka tone, asiimbe mtu."

Kijana mmoja wa vyura, mwenye sauti nzuri, akaguna. "Mama mdogo, nisipoimba nitapata mke wapi?"

"Mke utapata. Utamweka wapi, kwenye vumbi?"

Kijana akafumba mdomo. Habari ikapelekwa bonde la pili, na la tatu, na la kumi. Vyura wote, kimya.

Kesho yake yakapita manyunyu ya uongo, yale ya kulowesha kope tu. Watu wakakimbia kidimbwini, vibuyu mkononi, wakatega masikio.

Kimya.

"Labda wana mafua," mmoja akasema.

Kimya.

Mbonea akakosa subira. Akachuchumaa ukingoni, akavimbisha mashavu: "Kroo! Kroo! Kroo! Mmesikia? Pandeni!"

Bibi Naetwe akamtazama mwanawe. "Mbonea, nimekuzaa mimi, na sikuzaa chura. Mbegu zangu hazishuki darini kwa kroo ya mtu."

Watu wote wakarudi na vibuyu vyao. Mbonea peke yake akapanda maharage kwa kroo yake mwenyewe. Jua likawaka, blanketi likalikalia joto, na maharage yakakaangika humo humo ardhini. Alipofukua aliyakuta yako tayari kwa chumvi.

— Ha ha ha! Akayala?

Mbonea akala aibu. Lakini sikieni. Njaa ikaanza kupiga hodi. Bila wimbo hakuna kupanda, bila kupanda hakuna kula. Bibi Naetwe akaja kidimbwini mwenyewe, na fimbo yake na kikohozi chake. Akaketi chini kabisa, sawa na chura.

"Mama mwenzangu," akasema, "tulikucheka. Nisamehe. Unataka nini ili uimbe?"

Mama Chura akamwonyesha tu. Katikati ya tope lililopasuka palibaki maji ya kujaa sinia moja, na ndani yake viluwiluwi wamebanana, mkia juu ya mkia.

"Maji ya siku moja," akasema Mama Chura. "Wanangu hawana miguu."

Bibi Naetwe akarudi nyumbani, akachukua mtungi wake wa maji ya kunywa, wa mwisho, akautwika, akaja akaumimina wote kidimbwini. Pwaa! Kisha akachukua jembe, akasimama mbele ya tanuri la mwanawe.

"Mbonea, mgongo huu ulikubeba. Zima tanuri, au nizike humo, maana moshi wako unanizika polepole."

Mbonea akaangalia mama yake. Akaangalia tanuri. Akatwaa koleo, akashindilia udongo kwenye tundu la kwanza. Fuu! Tundu la pili. Fuu! Tundu la tatu. Tanuri likafa. Juu angani Moshi akazinduka: "Nani kamuua baba yangu?"

Hapo sasa kijiji kikaamka! Wanawake wakajipanga na mitungi, wanaume na madebe, wakachota kwenye visima vya mbali, kila nyumba mtungi mmoja kwa siku, siku moja baada ya nyingine. Matanuri mengine ya Mbonea nayo yakazimwa, kila shimo la tanuri likawa shimo la miche, maana udongo ule ulikuwa laini. Wakapanda mikuyu kwenye chemchemi, wakapanda misesewe kwenye kilima. Wakafinyanga majiko ya udongo: mafiga matatu yalikula kuni saba, jiko la udongo likala mbili. Na mabonde mengine, kwa kuwa vyura wao pia walinyamaza, yakazima, yakapanda.

— Na Mbonea akala nini, bila mkaa?

Asali, mwanangu. Alichonga mizinga, nyuki wakarudi, akanenepa kuliko kwanza.

Miche ikatoa majani mawili mawili. Midomo midogo, lakini maelfu! Nyam, nyam, nyam, yakamla Moshi ukingoni. Moshi akalia, "Baba zangu wamezimwa! Majani yananitafuna! Chura, nihurumie!"

"Mimi mfupi," akasema Mama Chura, "sikufikii."

Blanketi likatoboka. Joto likapata pa kutokea. Upepo akaingia, akasukuma mawingu, mawingu ya kweli, mazito, yenye tumbo. Siku ya thelathini asubuhi, kiluwiluwi wa kwanza akapanda juu ya jiwe jeusi. Mguu mmoja, miwili, mitatu, minne! Na wa pili. Na wa mia. Ngurumo ikapiga, mvua ikaanguka, mvua ya kuchana migomba! Vyura wakafungua koo bonde hadi bonde:

*Kroo! Kroo! Wameota miguu!*
*Maji yamerudi, shusheni vibuyu!*

Vigelegele, wanangu! Pigeni na ninyi! Vibuyu vikashuka darini, majembe yakaimba, Bibi Naetwe akacheza mpaka akasahau kukohoa. Na yule kijana mwenye sauti nzuri alipata mke siku hiyo hiyo.

— Na kofia ya Mlima?

Haijarudi yote. Inarudi polepole, kama mvi zangu. Blanketi limetoboka, halijaisha. Wale baba wakubwa wa ng'ambo bado wanafuka. Ila Moshi sasa analala jicho moja wazi, maana anajua vyura wanapajua pake.

Na ndiyo sababu, mpaka leo, ukikaribia kidimbwi, vyura hunyamaza kwanza. Wanakunusa. Wanataka kujua umetoka kupanda au umetoka kuchoma. Wakiridhika, wanaimba.

Basi fundisho ni hili: moshi hauendi zake. Unachokipeleka juu kitakurudia kichwani. Lakini mkono uliowasha ndio unaozima, na mkono uliokata ndio unaopanda, na hata mfupi akinyamaza kwa wakati wake, warefu husikia.

Eh, Kiondo, unatoa kuni za nini?

— Mbili zinatosha, Bibi. Viazi vimeshaiva.

Kweli vimeiva. Basi hadithi yangu imeishia hapo, penye jiwe jeusi na watoto wenye miguu. Aliyesikiliza ale kiazi, aliyesinzia ale maganda.