Nundu ya Garimoshi la Mizigo

Bisha! Nimesema bisha, nikuone. Shule niliwaachia wenyewe darasa la tano, lakini injini ya mizigo naijua kuliko aliyeiunda. Na leo nakwambia ile nundu iliyo mgongoni mwake ililetwa na karanga.

Zamani injini hazikuwa na nundu. Zilikuwa na magurudumu mengi, madogo, ya chuma kitupu, yaliyoundwa kwa kuvuta na si kwa mbio. Palikuwa na mchochea moto mmoja, Sadala Mlekwa, aliyependa karanga zilizokaangwa kwenye mchanga. Kiroba cha mchanga alikiweka juu ya mgongo wa injini, pale penye joto, ukauke; karai lake likakaa mdomoni mwa tanuri.

“Sadala,” dereva wake, Mzee Makungu, alizoea kumwuliza, “hii ni injini au jiko la mama mkwe wako?”

“Utakula hutakula, Mzee?”

Makungu alikula.

Asubuhi moja, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, walipanda mlima Mkalamani na mabehewa ishirini na nane ya chumvi. Viwavi walikuwa wameifunika reli, weusi tii. Katikati ya mlima injini ikakata pumzi. Magurudumu yakawasaga viwavi, yakazunguka bure kama yaliyopakwa mafuta. Kisha miti ya kando ikaanza kwenda mbele, polepole. Sadala akaikodolea macho, ndipo akaelewa: wanarudi nyuma.

Makungu akakaza breki zote. Magurudumu yakaacha kuzunguka, lakini treni haikusimama. Iliteleza kimyakimya, na chini stesheni, kwenye reli hiyohiyo, ilisimama treni ya abiria. Ndani yake alikuwamo mke wa Sadala, Tausi, na kichanga cha siku arobaini.

Makungu akaruka chini, akachota udongo wa kando ya reli, akautupa. Ulikuwa umelowa; ukawa uji. Kutoka chini yakaanza kusikika mayowe.

“Mchanga wako!” Makungu akapiga kelele. “Sadala, mchanga wa karanga!”

Sadala akamrushia karai lenye mchanga, naye mwenyewe akakumbatia kiroba, kikamchoma kifua. Akaning’inia ngazini akimwaga kidogokidogo juu ya reli, kule magurudumu yalikoelekea. Chuma kikalia. Cheche zikaruka. Treni ikasimama hatua kumi kutoka kwa abiria, nayo harufu ya karanga zilizoungua ikatanda mlima mzima.

Na tangu siku hiyo injini ya mizigo hubeba mchanga wake ndani ya ile nundu ya mgongoni, juu ya joto, usilowe, na mabomba huushusha hadi magurudumuni.

Haya, bado unabisha? Basi ngoja nikutolee siri niliyoificha. Sadala ni babu yangu, na yule kichanga ndiye baba yangu. Injini haikukata pumzi kwa sababu ya mlima. Babu aliacha kuchochea makaa. Alikuwa akigeuza karanga zisiungue. Bibi Tausi hajui mpaka leo. Ukimwambia, nitasema umetunga wewe.